Je, wajua kwa nini mji wenye hewa chafu bado unajaa wageni?

Swali hili nililijibu vibaya kwa miaka. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Malindi, na mtu akiuliza hewa chafu inaufanyia nini utalii jibu langu lilikuwa moja tu, hewa ikichafuka wageni wanapungua, ikisafika wanarudi, basi, niliona ni hesabu ya darasa la tatu. Halafu Desemba moja akaja mgeni kutoka Milano, Italia, mama wa makamo na mtoto wake. Akanionyesha simu yake, ameweka programu ya kupima hewa na kwao imewaka nyekundu, akaniambia mtoto anakohoa tangu Novemba na hapa siku ya tatu tu kikohozi kimekata. Nikamuuliza, kwa hiyo mama umekuja kwa sababu ya hewa? Akasema la, nimefuata jua na tiketi ilikuwa rahisi, hii hewa nimeikuta tu.

Jibu lile halikunitoka kichwani. Mtu ambaye hewa imemgusa mpaka kifua cha mwanawe, na bado alipokuwa anachagua pa kwenda hakuihesabu kabisa! Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo ile hesabu yangu ya darasa la tatu ilivyobomoka.

Chukua Delhi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema zile chembe ndogo kabisa za hewani, PM2.5 (unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 na zaidi), zisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka. Delhi inacheza karibu na 100. Sasa watalii wanaenda Delhi lini? Oktoba mpaka Machi, kwa sababu kuanzia Aprili joto lake halikaliki. Na moshi mbaya wa Delhi unakuja lini? Novemba mpaka Januari, wakulima wa Punjab na Haryana, majimbo ya karibu, wamechoma mabua ya mpunga, upepo umelala, baridi imeikalia hewa, na magari na viwanda wala havijapumzika. Yaani miezi ya hewa mbaya imekaa katikati ya miezi ya wageni. Ukiweka daftari la wageni na daftari la hewa ubavu kwa ubavu bila kufikiri utatoka na jibu kwamba moshi unaleta watalii. Bangkok nako vivyo hivyo, hewa inaharibika kati ya Desemba na Februari na hiyo ndiyo hai sizoni yao, msimu wa wageni wengi.

Sisi watu wa Pwani tungelishika hili haraka kuliko wengi. Kaskazi ikiingia Malindi inajaa wageni, na wakati huohuo soko limefurika maembe. Mtu aliyeshuka kwenye basi jana anaweza kuapa kwamba maembe ndiyo yanayowaleta Wataliano. Embe halijamleta mtu, ila msimu umekuja na vyote viwili, na ukitaka kujua embe lina nguvu gani lenyewe itabidi ulinganishe Januari yenye maembe mengi na Januari yenye maembe machache, usilinganishe Januari na Juni. Na hewa ni hivyohivyo, Januari kwa Januari, na hata hapo mitego haiishi. Mwaka 1997 moshi wa misitu iliyoungua Indonesia uliifunika Singapore na sehemu kubwa ya Malaysia, wageni wakapungua kweli, lakini Julai ya mwaka huohuo mgogoro wa fedha ulianzia Thailand ukaenea Asia nzima, sasa yule ambaye hakusafiri alizuiwa na moshi au na mfuko? Hasara zilizotajwa baadaye kwa ajili ya moshi ni makadirio, na mimi nazisoma hivyo.

Halafu kuna kisa kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, kati ya 1899 na 1901 alisafiri London mara tatu, akachukua chumba hotelini kando ya mto Thames, na alichokifuata ni ule ukungu. Ukungu wenyewe ulikuwa umechanganyika na moshi wa makaa ya mawe wa jiji zima, ndio uliokuwa unageuza mwanga kuwa zambarau na machungwa juu ya maji. Huyo ni mgeni aliyelipa nauli na chumba akaja kuutazama uchafu wa hewa, na jiji hilohilo Desemba 1952 moshi wa aina hiyo uliua watu maelfu kwa siku tano.

Sasa tuingie kwenye chenyewe, msafiri anaamuaje. Ukienda bandarini kwa wavuvi ukataka changu, unafunua mashavu uone kama bado mekundu, unabonyeza nyama, unaangalia jicho kama linang'aa, ndipo unatoa pesa. Lakini ndugu yako aliye Nairobi anayeagiza samaki huyohuyo kwa simu hawezi kufunua mashavu. Anatumiwa picha, anamuuliza aliyenunua juzi, anakumbuka kama kuna mtu aliwahi kusema samaki wa huko wanakaa sana juani, na kwa vitu hivyo vitatu anaamua. Samaki mwenyewe hajashiriki kabisa kwenye uamuzi! Hewa ya mji ni samaki wa simu. Mtu wa Milano au wa Nairobi anayechagua aende wapi Agosti hawezi kuivuta hewa ya huko kwanza ndio alipe, kwa hiyo anachopima ni picha, habari na maneno ya waliotangulia, na vitu hivyo vinaweza kuwa mbali sana na namba iliyo kwenye mashine.

Tena anayeagiza kwa simu akishalipa ameshalipa. Tiketi na chumba vinanunuliwa miezi kabla, moshi unakuja wiki ile ya safari, wengi wanapanda ndege hivyohivyo na barakoa mfukoni. Wanaoghairi haraka ni wale wa karibu, wenyeji wa nchi wanaokwenda kwa basi au treni wikendi, ambao hawajafunga pesa popote na taarifa ya hewa wanaiona asubuhi kwenye simu. Ndiyo maana mji unaweza kupigwa na moshi mwezi huu na daftari la wageni wa nje lisionyeshe kitu mpaka msimu unaofuata, na mwenye hoteli akaamini ameponea. (Niseme pia kwamba tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa China, na nyingine zinamuuliza mtu tu kama angeenda au asingeenda, na sisi tuliokaa mapokezi tunajua kati ya "nitakuja" na kuja kuna bahari.)

Tuseme sasa mgeni amefika. Je, hapo si anaivuta hewa mwenyewe? Anaivuta, na mapafu yanajua. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha New York walichapisha utafiti wa wasafiri 34 wenye afya, na nguvu ya kupumua ilishuka wastani wa asilimia 6 hivi kwa waliokwenda miji michafu zaidi. Watu 34 ni wachache, usiujengee nyumba. Lakini mgeni hana kipimo cha mapafu, ana macho, na macho yana hadithi yao.

Unajua ule mwali wa jua unaopenya kwenye tundu la makuti asubuhi, ukaona vumbi linacheza ndani yake? Vumbi lilikuwepo chumba kizima, ila pale tu mwanga ulipoligonga ukatawanyika ukakufikia jichoni. Chembe za moshi nazo zinafanya hivyo, na zile ambazo ukubwa wake unakaribiana na mawimbi ya mwanga ndizo zinazoutawanya sana, ndiyo maana mlima unafifia na jengo la mbali linapotea. Sasa ongeza unyevu. Kila nyumba ya Pwani inajua chumvi ya kopo, Nairobi inabaki kavu na huku ndani ya siku mbili imelowa imeshikana, kwa sababu chumvi inanyonya maji ya hewani. Chembe nyingi za moshi wa viwandani na magari nazo ni aina za chumvi, siku ya unyevu zinanyonya maji zinavimba, na chembe iliyovimba inatawanya mwanga zaidi. Kwa hiyo uchafu uleule, kiasi kilekile, siku kavu mgeni anapiga picha za anga safi na siku ya unyevu anaandika kwamba mji umezama kwenye moshi. Hata utusitusi unaouona baharini hapa kwetu siku za mawimbi makubwa kwa sehemu ni chumvi ya bahari yenyewe iliyorushwa na upepo, si moshi wa mtu.

Na kinyume chake kipo, nacho ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Ozoni ya karibu na ardhi inatengenezwa jua kali likipiga gesi za magari, haina rangi, na kiangazi miji ya Mediterania kama Athens inaipata sana chini ya anga la buluu. Picha zinatoka nzuri, wageni wanajaa, na kifua kinauma. Macho yamepitisha kitu ambacho mapafu yangekikataa.

Jina la mji nalo likishachafuka halifuati mashine tena. Beijing, Januari 12 mwaka 2013, kipimo cha ubalozi wa Marekani kilionyesha 755 kwenye skeli ya uchafu wa hewa inayoishia 500, picha zikazunguka dunia. Serikali ikaanza kubana viwanda na makaa ya mawe, wastani wa PM2.5 wa mwaka ukashuka kutoka maikrogramu 89.5 mwaka 2013 hadi 30 hivi mwaka 2022. Hiyo bado ni mara sita ya kiwango cha Shirika la Afya, lakini ni theluthi tu ya ilivyokuwa, na bado kuna watu ukiwatajia Beijing wanashika pua. Hapa hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2011 wageni walipotekwa kule Lamu, gesti za Malindi na Watamu zilipokea simu za kughairi, na ukimwambia mtu wa Ulaya Lamu ni mbali na hapa anakuambia kwenye ramani naona karibu.

Lakini lile lililobadilisha kabisa fikra zangu ni kwamba hewa chafu inasukuma watu watoke kwao pia. Milano iko kwenye bonde la Po, milima ya Alps upande wa kaskazini na magharibi, Apennines kusini, upepo kidogo, na wakati wa baridi hewa ya joto inakaa juu kama mfuniko wa sufuria, moshi wa magari na wa kupasha nyumba joto unabaki chini yake. China wana neno kabisa, xi fei, kuosha mapafu, safari za kukimbilia kisiwani Hainan au milimani kwenda kupumua tu. Sisemi Wataliano wanakuja Malindi kuosha mapafu, yule mama ameshanijibu. Ila hewa ya bahari ni bidhaa tunayoitoa bure na hatujawahi hata kuitaja kwenye tangazo.

Watu wa Lamu walilijua hilo mapema. Mji wa kale ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, unaotembelewa kwa miguu, kwa punda na kwa mashua, ulikuwa unaletewa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi. Wavuvi, wazee na watu wa hoteli walipinga, na Juni 2019 mahakama ya kitaifa ya kesi za mazingira ikafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hakuna aliyepata kupima moshi wake, na kwa jinsi nilivyoeleza hapo juu, picha ya bomba refu nyuma ya majahazi ingetosha kuwafukuza wageni.

Kwenye gesti yetu ilikuwa kila saa kumi na moja jioni majani yanafagiwa, yanachomwa pale ukutani pamoja na vifuko vya plastiki, na wageni wako juu darini na simu zao wanangoja jua lizame. Moshi wa dakika ishirini, hauongezi kitu kikubwa kwenye wastani wa mwaka, ila kwenye picha ndiyo Malindi yote, na mgeni akishaondoka sisi na watoto wetu tunabaki kuuvuta kila jioni. Majani sasa tunayafukia shimoni nyuma ya migomba. Plastiki bado inatushinda.