Vadstena: monasteri ambayo mwanamke alikuwa na sauti juu ya wanaume

Ukitaja watawa wa kike wa Ulaya ya kale, wengi hupata picha ya ukuta mrefu na mabinti waliofungiwa. Huko Vadstena, Uswidi, ukuta ulikuwepo kweli. Ila ndani yake mapadri walimtii mwanamke.

Mwanzilishi, Birgitta Birgersdotter, alizaliwa mwaka 1303 katika ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa msimamizi wa sheria wa jimbo la Uppland. Aliozwa akiwa na miaka 13 hivi, akazaa watoto wanane. Mumewe, Ulf, alifariki 1344, na hapo sheria ikamfungulia mlango. Binti alikuwa chini ya baba au kaka, mke chini ya mume, lakini mjane aliendesha mali yake mwenyewe. Birgitta hakuolewa tena. Mwaka 1346 Mfalme Magnus Eriksson na Malkia Blanka waliandika wosia wa kutoa jumba lao la Vadstena liwe monasteri, na Papa akaidhinisha shirika la kitawa la Birgitta mwaka 1370.

Kanuni ilitaka watu 85: masista 60, mapadri 13, mashemasi 4 na mabradha 8. Mapadri walihubiri na kuungamisha. Ardhi, fedha na matumizi yote vilikuwa mikononi mwa abesi, yaani sista mkuu wa monasteri. Wanaume na wanawake waliishi majengo tofauti, wakasali kanisa moja. Sista ulimtambua kwa taji la kitambaa cheupe lenye alama tano nyekundu, kwa ajili ya madonda ya Kristo.

Tusiipambe sana, lakini. Wengi wa masista walitoka kwa makabaila na matajiri wa mijini, na waliingia na mali. Tangu karne ya 13 binti alirithi nusu ya fungu la kaka yake (wanaofuata mirathi ya Kiislamu watashtuka kidogo, ingawa chanzo ni kingine kabisa), hivyo shamba la binti lingeweza kuishia monasterini badala ya kwa mkwe. Kwa baba mwenye mabinti wengi, hiyo ilikuwa hesabu ya kifamilia pia, si ibada tu.

Ndugu hawakusahau. Mwaka 1527, Mfalme Gustav Vasa alipoanza kutwaa mali ya Kanisa, makabaila waliruhusiwa kudai ardhi ambayo koo zao zilikuwa zimeitoa tangu 1454. Masista wa Vadstena walishikilia hadi 1595, wa mwisho walipofukuzwa.