Kopo lililoyeyuka mbugani: kusaka vificho kwa GPS kwenye ardhioevu iliyofufuliwa

Mwezi wa Mei, wiki moja baada ya kuchoma nyasi, nilikuwa nazunguka na fimbo ya kupimia kina cha maji kwenye mbuga tunayoifufua magharibi mwa Minnesota, Marekani. Nikakanyaga kitu kikalia kama ganda la yai. Kumbe ni kopo la plastiki, yale ya kuwekea chakula yenye vibanio pembeni, limeyeyuka na kujikunja juu ya kisiki cha nyasi. Ndani nilikuta sarafu mbili, kigari cha mtoto kisicho na magurudumu, na donge la majivu. Lile donge lilikuwa kijitabu cha majina. Yeyote aliyewahi kufika pale na kusaini, jina lake lilikuwa limeungua.

Nilisikitika kwelikweli, maana mimi mwenyewe husaka vificho. Kazi yangu ni udongo na maji ya ardhioevu, na siku za mapumziko huwachukua watoto, simu mkononi, tukatafute makopo ya watu. Kwa hiyo naandika nikiwa pande zote mbili.

Kwa ambaye hajaucheza: mchezo huu wa jiokashingi (geocaching), wa mtu kuficha kopo na wengine kulisaka kwa GPS, ulizaliwa Mei 2000. Hadi wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa watumiaji wa kiraia, kosa likiweza kufika mita 100. Uvurugaji huo ulizimwa kwa amri ya Rais Clinton, na tarehe 3 Mei, siku moja tu baadaye, Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza koordineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali, kwenye intaneti. Ndani aliweka vitu vidogo vidogo pamoja na kopo la maharage. Kanuni ilikuwa nyepesi: chukua kitu, acha kitu, andika jina. Mpaka leo haijabadilika sana.

Sasa hebu weka kanuni hiyo kwenye mbuga. Nasema mbuga kwa maana ile ya Usukumani, si ile ya watalii: nchi tambarare yenye udongo mweusi, mvua ikinyesha maji yanasimama, kiangazi ikipasuka nyufa. Nilipofika huku mara ya kwanza na kuchota udongo kwa mkono, nilijiona kama niko kwenye majaruba ya mpunga ya babu. Tofauti ni kwamba huku maji yanasimama kwenye vishimo vilivyoachwa na barafu kubwa ilipoyeyuka na kurudi kaskazini, yapata miaka 12,000 iliyopita. Bata wengi wa Amerika Kaskazini huzaliwa kwenye vidimbwi hivyo.

Wakulima walivikausha. Walichimba mitaro, wakafukia mabomba ya udongo wa kuchoma, na baadaye ya plastiki yenye matundu, yakayanyonya maji kimyakimya chini ya shamba. Kufufua ni kuirudisha kazi ile kinyumenyume. Tunalitafuta bomba, tunang'oa kipande chake na kuziba, tunajaza mtaro kwa udongo mzito, tunakwangua tope lililoletwa na mmomonyoko mpaka tuufikie ule udongo mweusi wa zamani. Hapo mbegu zilizolala miaka mingi huamka zenyewe. Mfano mkubwa uko karibu na Crookston, kwenye Hifadhi ya Glacial Ridge iliyotangazwa mwaka 2004. Shirika la The Nature Conservancy lilikuwa limenunua ekari kama 24,000 pale mwaka 2000, na mitaro mirefu ikazibwa mmoja baada ya mwingine.

Lakini si kila kitu huamka. Maji hurudi mwaka uleule, bata hurudi msimu unaofuata. Wanaochelewa ni ndago na jamii zake, wale wa ukanda wa katikati, pale ambapo si maji na si nchi kavu. Ukanda huo huweza kukaa miaka mingi ukisuasua, na ndiko hasa mfichaji hupenda kuweka kopo, kwa sababu pana vichaka vya kulisitiri na mguu hauzami sana.

Chukua simu yako tufanye hesabu. Mbugani hakuna miti wala maghorofa, mbingu iko wazi, kwa hiyo GPS hufanya kazi vizuri: kosa la mita tano hivi. Duara lenye nusukipenyo cha mita tano lina mita za mraba zipatazo 78. Mjini hizo 78 ni lami na kingo za barabara. Huku kila msakaji atazikanyaga zote, akifunua nyasi kwa mikono, akirudi alipoanzia, kwa sababu kopo halionekani. Wakija watu ishirini, duara lile linakuwa kama uwanja wa mpira wa watoto. Udongo uliojaa maji hushindiliwa haraka, nyayo zinageuka vidimbwi, na kwenye matope ya buti huja mbegu za nyasi ngeni ambazo tunapambana nazo mwaka mzima. Kuanzia Aprili mpaka Julai duara hilo linaweza kuwa na kiota. Bata wengi wa huku hawatagi majini. Hutaga kwenye nyasi kavu kando ya maji, chini kabisa, na jike hutulia mpaka buti limfikie.

Kwa hiyo hoja yangu si kopo. Kopo ni dogo. Hoja yangu ni njia inayochorwa na wanaolitafuta.

Ukitaka kuficha chako, anza kwa kumwona msimamizi wa eneo. Laiti aliyeweka lile kopo langu la majivu angeuliza, angeambiwa ni vipande vipi vitachomwa majira ya kuchipua, na tungemwonyesha mahali pa salama sisi wenyewe. Kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori kuacha makopo kwa kawaida hairuhusiwi kabisa, na kuchimba shimo usithubutu. Kwenye ardhi nyingine, omba nguzo ya kibao, uzio wa maegesho, au daraja la mbao. Watu wataifikia mbuga wakiwa juu ya ubao, wataiona yote, na zile mita zako 78 za mraba zitaangukia changarawe.

Wakati mzuri kuliko wote ni majira ya baridi. Ardhi imeganda, viota hakuna, unaweza kuvuka ukanda wa ndago bila kuacha hata alama. Ila barafu iheshimu: huku tunashauriwa isipungue sentimita 10 za barafu mpya, ngumu na angavu, kabla mtu hajakanyaga. Na pale chemchemi zinapotokea chini ya matuta, barafu hubaki nyembamba hata Januari, theluji ikiwa imeifunika vizuri. Ukiona nyasi mbichi katikati ya weupe, geuka.

Nikiulizwa mimi, kificho kinachofaa zaidi hapa ni kile kisicho na kopo. Kinaitwa EarthCache. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2004 ukishirikisha Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Unafika kwenye koordineti, unaangalia, unajibu maswali ya mwenye kificho, basi. Ruhusa ya mwenye ardhi bado inahitajika. Na magharibi mwa Minnesota kuna mengi ya kuangalia: matuta ya mchanga na changarawe yanayokatiza nchi tambarare ni fukwe za ziwa la kale la Agassiz, lililokuwa na eneo kubwa kuliko Maziwa Makuu yote ya huku yakiunganishwa. Unasimama ufukweni, na maji yalishaondoka maelfu ya miaka.

Changu nimekiweka kando ya barabara ya changarawe, penye ukingo wa mtaro wa zamani, udongo wake ukionekana wazi, kwa hiyo hakuna anayechimba. Nauliza mambo mawili tu: udongo una rangi gani, na unanuka nini? Msimu uliopita binti wa miaka tisa, wa familia ya Kikongo wanaoishi mbali kidogo na hapa, aliniandikia kupitia simu ya mama yake: "Unanuka yai bovu. Ni wa kijivu, lakini ndani kuna nyuzi nyekundu kama kutu."

Ni kutu kweli. Udongo unaozama muda mrefu hukosa oksijeni, chuma chake kinapoteza wekundu, ndiyo ule ukijivu. Mmea wa majini huvuta hewa kutoka juu na kuishusha mpaka kwenye mizizi. Kidogo huvuja, na chuma kilicho jirani kinashika kutu palepale. Mzizi ukifa, uzi mwekundu unabaki. Nilimwandikia kwamba amekipata kificho, na kwamba mtaro ule ulizibwa miaka sita tu iliyopita. Akauliza kama nyuzi zitaongezeka. Nimemwambia arudi Septemba, maji yakishuka, tuzihesabu pamoja.