Asilimia 60 ya Nini? Hesabu za Msanii na Promota Baada ya Shoo

Ilikuwa saa nane na nusu usiku, nyuma ya ukumbi mmoja hapa Kigoma mjini. Jenereta lilikuwa limeshazimwa. Kijana aliyetoka kuimba alikuwa ameketi juu ya spika, shati limemganda mgongoni, na mbele yake promota anahesabu noti za elfu mbili na elfu tano kwa mwanga wa simu. Alipomaliza akamsogezea laki tatu. Kijana akasema, "Kaka, tulikubaliana sitini kwa arobaini." Promota akamjibu, "Ndiyo hiyo sitini yako." Jumatatu wakaja ofisini kwetu hawasalimiani.

Katika kazi yangu ya afisa utamaduni, migogoro mingi ya namna hii inayofika mezani kwangu haina mwizi ndani yake. Ina swali ambalo hakuna aliyeliuliza mapema: asilimia ya nini? Ya fedha yote iliyoingia mlangoni, au ya ile iliyobaki baada ya matumizi?

Mtu aliyekulia Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, hili analijua. Chombo kikirudi na dagaa, kwanza hutolewa gharama za safari, kama mafuta, kisha kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye chombo na wavuvi wake. Mvuvi anajua utaratibu huo kabla hajapanda. Msanii anayepanda jukwaani naye anastahili kuujua wa kwake.

Tuchukue mfano. Mlangoni zimepatikana shilingi 5,330,000. Matumizi, yaani ukumbi, vyombo vya muziki, jenereta na mafuta yake, ulinzi na matangazo, ni 2,830,000. Asilimia 60 ya fedha yote ni 3,198,000. Asilimia 60 ya kilichobaki ni 1,500,000. Hiyo ni tofauti ya karibu milioni 1.7, na imesababishwa na maneno matatu tu, "baada ya matumizi", ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameyaelewa.

Hapo bado. Kama msanii alipewa advansi, yaani malipo ya awali, ya laki tano, inatolewa kwenye ile 1,500,000, inabaki milioni moja. Kuna pia kodi ya zuio, yaani ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa, ya asilimia 5 kwa malipo ya huduma, ambayo inakatwa kwenye malipo yote na si kwenye salio: shilingi 75,000. Mkononi anapokea 925,000. Promota akikata kodi hiyo lazima aipeleke Mamlaka ya Mapato (TRA), na msanii adai cheti cha zuio, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Fedha iliyokatwa bila cheti, msanii hana namna ya kuonyesha kwamba ilifika.

Sasa, ile 5,330,000 tumeijuaje? Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kukimbilia kuhesabu noti. Anzeni na tiketi. Kabla mlango haujafunguliwa, meneja wa msanii na mtu wa promota waandike pamoja namba ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vyote vya tiketi. Usiku waangalie vimeishia wapi. Kama mauzo yalianza 0001 na tiketi ya kwanza ambayo haijachanwa ni 1127, zimetoka 1,126. Toeni za mwaliko, tuseme 60, zimebaki 1,066, na kwa kiingilio cha 5,000 mnapata ile 5,330,000. Vishina, yaani vipande vya tiketi vinavyobaki kitabuni, visitupwe. Siku hizi watu wengi wanalipia mlangoni kwa simu, kwa hiyo fedha iliyo kwenye sanduku itakuwa pungufu ya tiketi zilizotoka, na pengo hilo lionekane kwenye taarifa ya miamala ya namba iliyopokea. Taarifa hiyo ifunguliwe pale pale, wote wakiiona. Msanii mwenyewe yuko jukwaani, hawezi kulinda mlango, basi aje na mtu anayemwamini na kazi yake iwe hiyo tu.

Matumizi nayo yana ugonjwa wake: yanazaliana usiku. Ghafla kuna "posho ya vijana" na "kibali". Vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na malipo ya hakimiliki kwa matumizi ya muziki ni gharama halali na zinajulikana mapema, kwa hiyo ziandikwe mapema pamoja na nani anazibeba. Msimamo wangu hapa ni mkali: gharama ambayo haikuorodheshwa kabla ya shoo na haina risiti, isiguse fungu la msanii.

Mkiafikiana malipo ya mkupuo, yaani kiasi kimoja kisichotegemea mlango, hesabu ni fupi zaidi. Watu wakijaa, faida ni ya promota. Wakiwa wachache, hasara ni yake, na malipo ya msanii hayapungui. Mvua ya masika ikivunja shoo katikati ni suala jingine, nalo liwe na sentensi yake kwenye mkataba.

Sheria ya Mikataba, Sura 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Shida ni kuyathibitisha. Andikeni, wekeni mashahidi, lipieni ushuru wa stempu, maana mkataba usiolipiwa unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi. Usiku wa shoo jazeni karatasi ya hesabu, nakala mbili, saini mbili. Anayedai ana miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, lakini kumbukumbu za mlangoni hazidumu hata miezi 6.

Wale vijana wawili bahati yao ilikuwa vishina. Promota alikuwa amevihifadhi kwenye boksi la sabuni. Tulivimwaga sakafuni, tukavihesabu mchana kutwa, tukakaa na risiti moja moja. Ilionekana msanii anadai 210,000 zaidi. Alilipwa kwa awamu mbili, na waliporudi tena ofisini walikuja na rasimu ya mkataba wa shoo ya Ujiji, wakitaka niwasomee kifungu cha matumizi.