Kulipa kodi ya halmashauri hakuifanyi barabara ya mtaa kuwa ya umma

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya wakazi wa mitaa mipya ya England: ukishaanza kulipa kodi ya halmashauri, barabara ni ya umma, mjenzi msimsumbue tena. Si kweli.

Barabara ya mtaa mpya hupokelewa na halmashauri, ili iitunze, kwa mkataba na mjenzi, kwa kawaida chini ya kifungu cha 38 cha Sheria ya Barabara ya 1980. Mjenzi humalizia lami ya juu, taa na mifereji, halmashauri hukagua, kisha hupita muda wa matazamio, mara nyingi miezi 12, ndipo ikabidhiwe. Tazama chemba: vifuniko vikichomoza sentimita chache juu ya lami, aghalabu tabaka la mwisho halijamwagwa.

Kinachowachanganya watu ni gari la taka kuingia na kibao cha jina kusimama. Hivyo havithibitishi kitu.

Halmashauri ina orodha ya barabara zinazotunzwa kwa fedha za umma, na kuiona ofisini ni bure. Mtaa wenu haumo? Ulizeni kama mkataba ulisainiwa na kama dhamana ya fedha bado ipo, kwani ndiyo huweza kulipia kazi mjenzi akifilisika. Kisha mwandikieni mjenzi, mkiambatanisha picha za kila shimo.

Ujumbe ule tafadhali msiusambaze. Unawanyamazisha majirani wakati mjenzi bado yupo saiti.