Ulimwengu kutanuka bila kuongeza kasi: maana yake nini?

Kwamba ulimwengu unatanuka, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwingine: je, unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka?

Mwaka 1998 timu mbili za wanaastronomia zilitangaza vipimo vya supanova za aina ya Ia, nyota zinazolipuka kwa mng'ao unaokaribia kufanana. Zile za mbali zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, yaani kana kwamba ziko mbali zaidi. Wakahitimisha kuwa utanukaji unashika kasi, na kinachousukuma kikaitwa nishati ya giza. Tuzo ya Nobel ya 2011 ikaenda kwa Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess.

Lakini kilichopimwa hasa ni mwanga. Kasi ilipatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo huuchukulia ulimwengu kama uji laini usio na bonge. Ukweli ni kwamba mabonge yapo: galaksi zimejipanga mithili ya nyuzi za wavu, na kati ya nyuzi hizo kuna matundu makubwa yaliyo karibu matupu.

Hapo ndipo aliposhika David Wiltshire wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, tangu 2007. Einstein alionyesha kuwa penye uvutano mkubwa saa hukawia. Mwaka 2010, huko Colorado, saa ya atomu iliyoinuliwa sentimita 33 tu ilikwenda mbele kuliko mwenzake wa chini. Ni tofauti ndogo mno, ila ipo. Wiltshire anasema kati ya galaksi na matundu yale tofauti ni kubwa: saa ya huku kwetu, ndani ya galaksi, huenda inakawia kwa takriban asilimia 35. Basi matundu yametanuka kwa miaka mingi kuliko tunayoihesabu sisi, na anayeyatazama kwa saa ya huku huona kasi ambayo haipo. Nishati ya giza haihitajiki tena.

Binafsi navutiwa na wazo hili kwa sababu halibuni kitu kipya. Linachukua uvutano uleule wa Einstein na kuuheshimu mpaka mwisho. Desemba 2024 kundi la Wiltshire lilichambua supanova 1,535 na kuona modeli hii inaziafiki vizuri kuliko ile ya kawaida yenye nishati ya giza. Wapinzani wanajibu kuwa tofauti ya saa haiwezi kuwa kubwa kiasi hicho, na kwamba mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu unaiafiki vizuri nishati ya giza. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, sasa inachora ramani ya galaksi pamoja na matundu yenyewe.