"Wahindi wanaongea Kihindi", na mengine tunayoambiana kuhusu Bengaluru

Nilifika Bengaluru, mji mkuu wa jimbo la Karnataka kusini mwa India, nikiwa na Kihindi cha sinema. Nilimsindikiza shangazi kwenye matibabu, wiki tatu, na nilijiona nimejiandaa: utoto mzima wa kutazama filamu zao uliniachia maneno kama hamsini hivi, mengi ya mapenzi na ya ugomvi. Siku ya pili nikasimamisha bajaji nje ya hospitali, zilezile za kwetu ila za kijani na njano, nikamuuliza dereva: "Kitna?" Kiasi gani? Akaniangalia kwenye kioo, akagonga kwa kidole kibendera cha njano na nyekundu alichobandika juu ya mita, akasema kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba hapa ni Kikannada, lugha ya jimbo lao. Tukaelewana kwa vidole. Njiani simu yake ikaita, akazungumza na mkewe, nami nikajikuta naokota nusu ya maneno. Alikuwa anaongea Kiurdu, ambacho kwa sikio la mtu wa sinema hakiachani na Kihindi. Kumbe "kitna" yangu aliielewa vizuri tu.

Tangu hapo, kila nikisikia watu wakibishana juu ya lugha za India, yule dereva hunijia kichwani.

"Wahindi wanaongea Kihindi."

Kosa hili limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mtu wa India ni Mhindi, basi lugha yake itakuwa nini kama si Kihindi? Lakini hata Wahindi tuliokua nao Dar, Unguja na Mombasa, wengi wao nyumbani ni Kigujarati au Kikachi, na Wagoa wana Kikonkani chao. Umenunua sukari duka moja miaka ishirini, lugha anayomgombezea mwanawe mwenye duka hujawahi kuijua jina. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Sensa ya 2011 iliwahesabu wenye Kihindi kama lugha mama kuwa karibu asilimia 44 ya watu wote wa India. Na hapo lugha nyingi zimetiwa kapu moja, pamoja na Kibhojpuri ambacho peke yake kina watu zaidi ya milioni 50. Ukitaka ushahidi wa haraka, chukua noti yoyote ya rupia uigeuze. Kwa nyuma kuna kisanduku chembamba ambamo thamani ya noti imeandikwa kwa lugha 15, mstari mmoja mmoja, mbali na Kihindi na Kiingereza vilivyoko upande wa mbele. Kikannada ni mstari wa nne kutoka juu.

Wala Kikannada si lahaja ya Kihindi. Ni cha ukoo wa Kidravidi, pamoja na Kitamil, Kitelugu na Kimalayalam, na kina mwandiko wake wa maduaramaduara. Kimekopa maneno mengi sana ya Kisanskriti, kama sisi tulivyokopa kitabu na kalamu kwa Waarabu, lakini umbali wake na Kihindi ni kama wa Kiswahili na Kijaluo.

"Kihindi ni lugha ya taifa. Anayekikataa anaikataa India."

Hii ndiyo yenye mizizi mirefu, na sisi tuliolelewa na Kiswahili kama gundi ya nchi tunaimeza kirahisi. Katiba ya India haina lugha ya taifa. Kifungu cha 343 kinakitaja Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu, na Kiingereza kikaruhusiwa kwa miaka 15 ya mpito. Miaka hiyo ilipoisha mwaka 1965, jimbo la Madras, ambalo sasa ni Tamil Nadu, liliwaka moto, watu wakafa, wengine kwa kujichoma wenyewe. Kiingereza kikabaki hadi leo. Katiba ina orodha nyingine, ya lugha 22 zinazotambuliwa, na humo Kihindi kimekaa sawa na wenzake.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba ramani yenyewe ya India imechorwa kwa lugha. Baada ya uhuru viongozi wa Delhi waliogopa sana wazo hilo. Nchi ilikuwa imetoka kugawanywa kwa dini, ikigawanywa tena kwa lugha itabaki nini? Kisha Desemba 1952 Potti Sriramulu akafa kwa kugoma kula, akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu. Ghasia zikafuata, serikali ikasalimu amri, na mwaka uliofuata jimbo la Andhra likazaliwa. Tarehe 1 Novemba 1956 ikawa zamu ya wengine. Wakannada, waliokuwa wametawanyika chini ya Mysore, Bombay, Madras, Hyderabad na Coorg, wakaletwa chini ya paa moja. Mwaka 1973 jimbo likapewa jina la Karnataka, na kila Novemba mosi Bengaluru nzima inageuka njano na nyekundu.

Nchi haikusambaratika. Kwa maoni yangu ilipona kwa sababu hiyohiyo: mtu hakulazimishwa kuchagua kati ya mama na taifa. Hata wimbo wa jimbo, ulioandikwa na mshairi Kuvempu, unamwita Mama Karnataka binti wa Mama India. Ukimsikia mtu wa Delhi akisema kibendera cha yule dereva ni dalili ya kujitenga, jua historia ya nchi yake hajaisoma vizuri.

"Bengaluru ni mji wa Wakannada uliovamiwa na watu wa kompyuta."

Huu sasa ni uongo wa upande wa pili. Mji ulianzishwa mwaka 1537 na Kempe Gowda, na ndani yake Kitelugu na Kikannada vimeishi jirani muda mrefu. Mwaka 1809 Waingereza wakajenga kambi ya jeshi pembeni, wakaleta askari, wapishi, wafanyabiashara na vibarua kutoka upande wa Madras, wengi wao Watamil. Ikawa miji miwili iliyopeana mgongo: mji mkongwe wa masoko upande mmoja, kambi ya Kitamil na Kiingereza upande wa pili, na bustani kubwa ya Cubbon katikati. Miji hiyo ilikuja kuunganishwa kiutawala mwaka 1949 tu. Wakati huo baba wa hao wahandisi wa leo hawajazaliwa.

Kwa sensa ya 2011, wenye Kikannada kama lugha mama hawafiki nusu ya watu wa Bengaluru. Wanafuatiwa na Watamil, Watelugu na wenye Kiurdu. Kihindi kiko nyuma ya hao wote.

Hapo ndipo utaelewa uchungu wao. Mkannada ana jimbo, ana serikali, ana fasihi ya zaidi ya miaka elfu, lakini katika mji wake mkuu amekuwa wachache kwa muda mrefu. Miaka ya 1960 malalamiko yalikuwa juu ya filamu na wanamuziki wa Kitamil. Mwaka 1982 mwigizaji Rajkumar, aliyependwa kama nabii, aliongoza maandamano ya kutaka Kikannada kiwe lugha ya kwanza shuleni. Mwaka 2017 watetezi wa Kikannada wakafunika maandishi ya Kihindi kwenye vituo vya treni ya mjini, hadi yakaondolewa. Anayelaumiwa hubadilika kila kizazi, lakini hofu ya kuwa mgeni kwako ni ileile.

Nayo hofu hiyo haiwi hoja nzuri kila inapotumika. Julai 2024 serikali ya jimbo ilileta muswada wa kutenga kwa ajili ya wenyeji asilimia 50 ya nafasi za uongozi na asilimia 70 ya kazi nyingine katika kampuni binafsi. Kampuni za teknolojia zikapiga kelele, na ndani ya siku chache muswada ukawekwa kabatini.

"Bengaluru wamepiga marufuku Kiingereza."

Hapana. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inataka asilimia 60 ya bango la biashara iwe Kikannada, na hicho kikae juu. Iliyobaki andika utakacho. Kilichoonekana kwenye runinga, watu waking'oa mabango ya Kiingereza, kilikuwa Desemba 2023, na waliofanya hivyo walikamatwa, akiwemo kiongozi wao. Kwamba serikali iliwakamata kisha ikalipitisha lile lile walilolitaka, hayo ni mambo ya wanasiasa, nanyi mnawajua.

"Ni fahari ya lugha tu, haimdhuru mtu."

Nilitamani iwe hivyo, maana upande wao wameshanipata kidogo. Desemba 1991, kwa ugomvi wa maji ya mto Kaveri kati ya Karnataka na Tamil Nadu, Watamil wa Bengaluru waliwindwa nyumba kwa nyumba na maelfu wakakimbia. Septemba 2016, kwa mto huohuo, mabasi yenye namba za Tamil Nadu yaliteketezwa. Kati ya hayo kuna Oktoba 1994, ambayo ndiyo inaninyima raha zaidi: televisheni ya taifa ilianzisha mjini humo taarifa ya habari ya Kiurdu, dakika 10 tu kwa siku, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 20. Dakika 10, kwa lugha ya watu walioishi hapo vizazi kwa vizazi.

Tena wanaoumia si wale wanaoudhi. Mhandisi aliyekaa miaka kumi bila kujifunza hata "asante" anakuwa ghorofani, getini kuna mlinzi. Anayekutana na kundi barabarani ni fundi, mchuuzi, kibarua.

"Mkannada wa kweli ni yule aliyezaliwa na Kikannada."

Basi itabidi wafute nusu ya maktaba yao. Bendre, mshairi wao mkubwa, nyumbani kwao walisema Kimarathi. Masti, baba wa hadithi fupi za Kikannada, alitoka nyumba ya Kitamil. Girish Karnad, mwandishi wa tamthilia, alikuwa Mkonkani. Wote watatu walipata tuzo ya Jnanpith, ambayo India haina kubwa kuliko hiyo kwa waandishi, na wote kwa Kikannada. Mwaka 2025 tuzo ya kimataifa ya Booker ilikwenda kwa Banu Mushtaq, mwanamke Mwislamu wa Karnataka, kwa hadithi alizoziandika kwa Kikannada, Deepa Bhasthi akazitia kwenye Kiingereza. Lugha ya nyumbani kwao Banu ni Kiurdu. Alipoalikwa mwaka huohuo kufungua Dasara, sherehe kubwa ya Kihindu ya mji wa Mysuru, wapo waliokwenda hadi Mahakama ya Juu ya India kumzuia, kwa kuwa si Mhindu. Wakashindwa.

"Adui wa Kikannada ni Kihindi."

Kihindi kinapigiwa kelele, lakini watoto wanachukuliwa na Kiingereza, na wanaowapeleka huko ni wazazi wao wenyewe. Jimbo lilijaribu kulazimisha lugha mama katika madarasa ya mwanzo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India ikasema serikali haina mamlaka hayo, mzazi ndiye achague. Wamechagua. Anayeandamana asubuhi kwa ajili ya mabango jioni analipa ada ya shule ya Kiingereza. Simcheki, sisi wenyewe tunafanya hivyohivyo na Kiswahili.

Yule dereva tulimzoea, akawa anatusubiri getini, shangazi akimwita "baba" naye akimwita "Amma". Siku moja nikamuuliza kwa nini ananikatalia lugha anayoongea na mkewe. Akasema ile ni ya nyumbani, hii ni ya barabarani, na ukiwa na ile ya nyumbani ndiyo lazima hii ya barabarani uijue kuliko wengine. Kisha akaanza kunifundisha kila tunaposimama kwenye taa. Kidogo kidogo ni "swalpa swalpa", wanarudia neno kama sisi. Sukari ni "sakkare", sitaki ni "beda". Shangazi ana kisukari, kwa hiyo hayo mawili aliyashika kabla yangu. Kwenye kibanda cha chai nje ya hospitali akawa anaagiza mwenyewe, "sakkare beda", na muuzaji anaitikia kwa sauti kubwa mpaka foleni nzima inageuka kumtazama.