Mita 60 za Mto Msimbazi: kuandikia QGIS msimbo bila kupotea mita 300

Kuna swali ambalo karibu kila mtu wa mipango miji Dar es Salaam amewahi kuulizwa: ni nyumba ngapi zilizo ndani ya mita 60 kutoka Mto Msimbazi? Umbali huo umo katika Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Mwishoni mwa mwaka 2015 wakazi wa bonde hilo walichorewa alama za X kwenye kuta zao, kisha matingatinga yakaja. Kwa hiyo jibu linalotolewa na kompyuta linaweza kumgusa mwenye nyumba, na anayelitoa anatakiwa aweze kueleza, hatua kwa hatua, amelipataje. Hiyo ndiyo sababu ninayoitanguliza ninapowafundisha vijana kuandika msimbo wa QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani; kasi ya kazi huja baadaye.

Vifaa vyenyewe havina gharama ya leseni. QGIS ni programu huria iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, na ndani yake inabeba maktaba kongwe kama GDAL, inayosoma fomati za mafaili, na PROJ, inayogeuza koodineti. Data nazo zipo: mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa kuchora nyumba, mitaro na njia za kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao imo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia mtandaoni, ambako mtu yeyote anaweza kuipakua.

Ugumu unaanza pale unapotaka kuoanisha data hizo na ramani za zamani. Kwa miongo mingi upimaji wa Tanzania na Kenya ulitumia mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, ilhali vipokezi vya GPS na OpenStreetMap vinatumia WGS 84. Katika kanda ya 37 Kusini ya UTM (utaratibu unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita), ambamo Dar es Salaam imo, mfumo wa kwanza una namba ya EPSG:21037 na wa pili EPSG:32737; EPSG ni orodha ya kimataifa ya mifumo ya koodineti. Koodineti za mifumo hiyo miwili zinafanana kwa sura, zote ni mita, zote zina tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini, na hakuna kitu ndani ya namba zenyewe kinachokuambia ni za mfumo gani. Hata hivyo, ukizisoma koodineti za Arc 1960 kana kwamba ni za WGS 84, kila kitu jijini kitasogea takriban mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Mto utahama na ukanda wake wa mita 60 utaangukia nyumba za watu ambao hawajawahi kuuona mto ukiingia uani kwao, huku nyumba zilizo kando ya maji zikitoka salama kwenye orodha.

Ndani ya QGIS kuna zana mbili ambazo wanafunzi huzichanganya kuliko nyingine zote. Ya kwanza, native:assignprojection, hutangaza tu kwamba tabaka fulani (yaani seti moja ya data kwenye ramani, kama mto au nyumba) ni la mfumo fulani. Ni kama kubandika lebo mpya kwenye debe lile lile, kilichomo hakibadiliki. Ya pili, native:reprojectlayer, hukokotoa upya kila koodineti na kuandika tabaka jipya. Tabaka lililopokewa bila maelezo ya mfumo linahitaji ya kwanza, na linaihitaji mara moja tu, baada ya kuuliza lilipotoka. Baada ya hapo ni ya pili peke yake. Kinachowahadaa wengi ni kwamba QGIS huyaoanisha matabaka ya mifumo tofauti kwenye skrini papo hapo, hivyo picha inaonekana sawa ilhali mafaili yenyewe bado yako mbalimbali.

Tukishaelewana hapo, msimbo wenyewe ni mfupi. Fungua konsoli ya Python, yaani dirisha la QGIS la kuandikia amri kwa lugha ya Python, kwa kubonyeza Ctrl+Alt+P, kisha andika:

import processing
mradi = QgsProject.instance()
mto = mradi.mapLayersByName("mto_msimbazi")[0]
nyumba = mradi.mapLayersByName("nyumba")[0]

def geuza(tabaka):
    return processing.run("native:reprojectlayer", {"INPUT": tabaka, "TARGET_CRS": "EPSG:32737", "OUTPUT": "memory:"})["OUTPUT"]

ukanda = processing.run("native:buffer", {"INPUT": geuza(mto), "DISTANCE": 60, "SEGMENTS": 16, "DISSOLVE": True, "OUTPUT": "memory:"})["OUTPUT"]
ndani = processing.run("native:extractbylocation", {"INPUT": geuza(nyumba), "PREDICATE": [0], "INTERSECT": ukanda, "OUTPUT": "memory:"})["OUTPUT"]
print(ndani.featureCount())

Hatua ya geuza haiwezi kurukwa, kwa sababu data za OpenStreetMap huja zikiwa katika digrii, na zana ya ukanda (native:buffer) hutumia kipimo cha tabaka inalopewa. Ukiipa 60 juu ya tabaka la digrii, itakuchorea ukanda wa digrii 60, na digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111.

Sasa angalia ile sifuri ndani ya PREDICATE. Sifuri maana yake ni kuhesabu kila nyumba inayogusana na ukanda, hata kama ni kona ya jiko tu iliyoingia. Ukiweka 6, zitahesabiwa zile tu zilizomo ndani mzima mzima. Tofauti ya majibu hayo mawili ni nyumba za mpakani, yaani zile ambazo wenyewe ndio watakaokuja ofisini kuuliza. Anayebofya menyu hufanya uamuzi huo kwa kuacha kisanduku kama alivyokikuta, na wiki ijayo hakumbuki. Kwenye msimbo uamuzi umeandikwa, na mtu mwingine anaweza kuusoma na kuupinga.

Kuna uamuzi mzito zaidi. Sheria inapima kutoka ukingoni, lakini kwenye OpenStreetMap mito mingi imechorwa kama mstari unaopita katikati ya maji. Pale ambapo mto una upana wa mita 20, ukanda wa mita 60 kutoka kwenye mstari huo unafika mita 50 tu kutoka ukingoni. Kwa maoni yangu dawa si kuongeza mita kwa kukisia, kwani Msimbazi unaotoka vilima vya Pugu si Msimbazi unaotanda Jangwani. Ni afadhali kuchora kingo zote mbili kama poligoni (umbo lililofungwa) kutoka kwenye picha ya anga yenye tarehe inayojulikana, na tarehe hiyo iandikwe kwenye tabaka, maana mto huu huhamisha kingo zake baada ya mvua kubwa.

Ikiwa mojawapo ya matabaka yako ni la Arc 1960, ongeza jambo moja. Kati ya Arc 1960 na WGS 84 hakuna njia moja tu ya kugeuza: kuna vigezo (viasi vya kusogeza koodineti kwenye mihimili mitatu) vya wastani wa Kenya na Tanzania, ambavyo ni mita -160, -6 na -302, na kuna vya Tanzania peke yake, -175, -23 na -303. Matokeo yake jijini yanatofautiana kwa mita chache, ambazo kwenye ramani ya mkoa si kitu lakini kwenye ukuta wa mtu ni hoja. QGIS inaweza kukuuliza uchague, na wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Katika msimbo, uchaguzi huo huwekwa kwenye kigezo cha OPERATION cha native:reprojectlayer, na kuanzia hapo haubadiliki kwa kuwa kompyuta imebadilika.

Asiyependa kuandika tangu mwanzo anaweza kuendesha zana kwa kipanya kama kawaida, kisha kwenye historia ya Processing, sehemu ya QGIS inayoendesha zana hizo, akanakili amri ile ile ikiwa tayari katika Python. Na kuna amri ya qgis_process, inayoendesha zana hizo hizo kutoka kwenye terminali bila kufungua dirisha la programu, jambo linalofaa sana pale ambapo data za nyumba hupakuliwa upya kila mwezi na hesabu inatakiwa kurudiwa usiku kwenye seva. Mimi huhifadhi faili la msimbo katika folda moja na GeoPackage (faili la data za ramani) yenye matokeo, na juu kabisa ya faili naandika tarehe ya data, mfumo wa koodineti, na nilichokihesabu kuwa ukingo.